Kaka, Usiende kwa Daktari wa Meno

Kambini, upande wa huku wa kilima,
Jumapili asubuhi, mwezi wa nne, mvua ikinyesha.

Mpendwa Kaka Pengo,

Shikamoo, kaka yangu. Kifua hakijambo? Ulisema kwenye barua yako kwamba vumbi la unga hapo kiwandani linakukohoza kila asubuhi kabla tanuri halijawashwa. Natumaini limepungua, au umelizoea kama sisi tulivyozoea vumbi la ng'ombe. Mama anauliza kama unakunywa maji ya moto. Hilo umjibu yeye, usinijibu mimi, kwa maana ameliuliza mara nyingi mpaka mbuzi wamelikariri.

Sisi hatujambo. Baba hajambo, goti lake tu ndilo lenye mambo. Mama hajambo. Baba Mdogo hajambo, ingawa kwa muda alikuwa hataki hata kuulizwa. Mimi sijambo kupita kiasi. Nimekaa juu ya debe, karatasi iko magotini juu ya kifuniko cha sanduku la Mama, na mkono hautaki kutulia kwa furaha. Ukiona mwandiko umepanda mlima na kushuka, usidhani nimesahau ulivyonifundisha kuandika.

Wewe mwenyewe uliniambia barua ya heshima haianzi na habari, huanza na salamu. Haya, nimesalimia. Sasa nisikilize: kama hujaenda kwa daktari wa meno, usiende! Usiweke hilo jino. Kama uko njiani, geuza. Kama umeshakaa kwenye kiti na umefungua mdomo, ufunge, omba radhi, utoke. Sababu ninayo, lakini ni ndefu, na mimi unanijua. Hamkuniita Chiriku bure.

Barua yako ilifika kwa dereva wa lori la maziwa, imekunjwa kama sambusa. Nilimsomea Mama, kisha nikamsomea Baba, kisha Mama akataka tena. Uliandika kwamba umetukodia chumba jirani na chako, juu ya duka la fundi cherehani, chenye dirisha linalotazama ukuta wa gereji. Uliandika kwamba Baba amepata kazi ya kulinda geti la kiwanda, atakaa kwenye kiti chenye mto na goti litapumzika. Halafu mwisho kabisa, kama mtu mwenye haya, ukaandika kwamba msimamizi wako anataka kukutoa tanurini akuweke dukani mbele, kwa wateja, ila kwanza uzibe hilo pengo la mbele, kwa kuwa muuza mikate anapaswa kutabasamu bila kutisha watoto. Nilicheka, nikakuonea fahari. Jinsi ulivyo mvumilivu, ulistahili kutoka kwenye moto huo zamani.

Barua hiyo ilitukuta tumekwisha, kaka. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na namna ya kuliandika jambo lile. Kiangazi kilipotubana mpaka kisima cha hapa kikabaki tope, Baba Mdogo aliwachukua ng'ombe wote wazima akawapeleka mbali, kwenye bonde ambako familia nyingi zilikuwa zimekimbilia. Sisi tulibaki na mbuzi, ndama wadogo na yule ng'ombe mzee wa maziwa. Tulikaa miezi bila habari. Siku aliyorudi nilimwona kutoka mbali, nikaanza kuhesabu migongo, na nikamaliza kuhesabu kabla sijapata pumzi. Alirudi na ng'ombe watano, fimbo yake, na aibu.

Na jambo lililotumaliza si jua. Ni mvua! Ile tuliyokuwa tukiiomba. Ilikuja adhuhuri moja na radi na mawe ya barafu, ng'ombe wa watu wote wakashtuka wakiwa wamebanana bondeni, wakatimua kila upande, na makundi yakachanganyika kama kunde na choroko. Baba Mdogo aliwatafuta mpaka miguu ikavimba. Maringo hakuonekana. Na unajua mwenyewe, pale Maringo asipokuwepo hakuna kundi, maana wengine wote hufuata mkia wake.

Nilimngoja Baba afoke. Hakufoka. Alimwambia mdogo wake akae, akamsogezea kibuyu cha maji, akatoka nje. Hapo ndipo nilipoogopa. Baba yetu kutofoka ni sawa na chungu kutochemka. Ujue moto umezimika. Na barua yako ilipofika, akaniambia nikuandikie kwamba tunakuja.

Mama akaanza kuibomoa nyumba. Nimemwona akiibomoa tangu nikiwa mgongoni kwake, na siku zote alikuwa akiimba. Hufunga fito na ngozi kwa fundo letu la kuhama, lile la kuvuta mara moja likafunguka, kwa sababu jioni atazisimika tena mahali pengine. Safari hii hakuimba, na alifunga mafundo ya kukaza, moja juu ya jingine. Nilimuuliza kwa nini anakaza hivyo. Akasema, "Hazitafunguliwa na mimi." Dalali wa mnadani akaahidi kuja kuwachukua mbuzi siku ya soko.

Nikaanza kukuandikia ile barua ya kukubali. Niliandika salamu, nikaandika afya, kisha nikakwama. Nilikuwa nakumbuka siku uliyoondoka. Ulikuwa umesimama na mfuko wako begani, Baba akiwa amekasirika kwamba kijana wake mkubwa anaacha ng'ombe kwenda kukanda unga, akakwambia, "Nenda tu. Pengo litazibika." Watu walicheka wakidhani anatania jina lako. Mimi nilikuwa mdogo, nilicheka pia. Ila niliuona uso wako, na uso wa Baba niliuona baada ya wewe kupotelea njiani, na hakuna aliyekuwa akicheka. Miaka minane sasa mnasalimiana kupitia kwangu, kama majirani waliogombania mpaka.

Basi nikiwa nimekwama hapo, akapita mchuuzi mmoja wa chumvi na punda wake wawili. Mtu huyo ana maneno kunishinda mimi. Alikaa, akanywa maziwa, akatoa habari za kila kisima alichopitia, nani kafiwa, nani kazaa. Kisha akasema kwamba kwenye kisima cha mashine, ng'ambo ya mto mkavu, ameona ng'ombe mmoja wa kahawia mwenye tumbo jeupe, amekonda mbavu nje, lakini anatembea mbele ya wenzake kama mke wa waziri.

Niliruka, nikamwaga maziwa ya mgeni. Nikasema, "Maringo!" Mama akasema nisijipe moyo. Baba alichukua fimbo yake.

Tulikwenda watatu: Baba, Baba Mdogo na mimi, maana goti la Baba lilihitaji bega na bega lililokuwepo ni langu. Tulitembea siku mbili. Baba Mdogo alikuwa nyuma muda wote, kama mtoto aliyevunja kitu.

Kaka, hicho kisima ungekiona! Mashine inanguruma ndani ya kibanda cha bati, mabomba yanatapika maji kwenye hori refu la saruji, na makundi yamepangwa kungoja zamu mpaka macho yanachoka. Anayesimamia zamu ni mama mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani, wanamwita Mama Foleni. Mkononi ana mfuniko wa sufuria na kijiko cha chuma. Akigonga mara moja, kundi lako linasogea kunywa. Akigonga mara mbili, linaondoka, hata kama bado lina kiu. Sijaona mwanamume aliyembishia.

Na pale horini, katikati ya kundi la watu wengine, alikuwa amesimama Maringo. Au tuseme mimi nilijua ni Maringo. Pembe ya kushoto ilikuwa imevunjika karibu na kichwa, rangi imepauka, nyonga zimechongoka. Baba alimzunguka mara mbili, akitazama pale pembe ilipokuwa.

Mwenye kundi hilo ni mtu mmoja wanayemwita Kidevu, na ukimwona hutauliza kwa nini. Nisije nikamsingizia: si mwizi. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akamuuliza Baba habari za goti. Ila tulipomtaja yule ng'ombe akashangaa kweli. Alisema na yeye kundi lake lilitawanywa na mvua ileile, na kiongozi wake ni kahawia mwenye tumbo jeupe, na huyu ndiye. Tukatazama alama ya sikio. Ni ileile yetu! Kumbe babu yake na babu yetu waliwahi kugawana zizi moja, kila mmoja akaondoka na mkato uleule wa sikio, na wajukuu wao wakaja kukutana kisimani kugombania ng'ombe. Na walikuwapo wengine wetu kumi na kitu mle ndani, ninawajua kwa sura, wote wamesimama karibu na Maringo.

Maneno yakaanza kupanda. Watu wakajaa. Mama Foleni akaja na mfuniko wake, akasikiliza kidogo, akamgeukia Baba.

"Mzee, unaapa huyu ni wako?"

Kaka, Baba alisita. Unamjua alivyo. Alikuwa amezoea kumtambua Maringo kwa pembe ile ya kushoto, iliyokuwa imejikunja kuelekea jicho, na pembe haipo. Akasema, "Moyo unasema ni wangu. Lakini jicho siwezi kuliapia."

Nilitaka ardhi inimeze. Watu wakanong'ona. Kidevu naye akainamisha kichwa, nadhani hata yeye alimhurumia. Nikawaona Baba na Mama kwenye chumba kile juu ya fundi cherehani, wanatazama ukuta wa gereji, na yote ni kwa sababu Baba hakutaka kusema uongo mdogo.

Basi Mama Foleni akagonga mfuniko mpaka masikio yakalia. Usidhani alikuwa na hekima yoyote, alikuwa na haraka. "Nyie watu wazima mnanichelewesha! Nina makundi yananingoja tangu asubuhi. Watoeni wote hawa kule uwanjani, kila mtu asimame upande wake aite. Atakayefuatwa achukue. Asiyefuatwa aondoke kwenye foleni yangu!"

Wakatolewa wote uwanjani, wa Kidevu na wetu, wamechanganyika. Kidevu akaanza. Kaka, nikwambie ukweli, mtu yule anajua kupiga mluzi. Ulitoka mwembamba, safi, ukapanda, ukakaa hewani, ukashuka taratibu. Hata mimi nilitaka kumfuata. Ng'ombe wake wakainua vichwa wakaanza kwenda, mmoja baada ya mwingine, na Maringo akapiga hatua mbili tatu pamoja nao. Kisha akasimama, akageuka kulamba ukingo wa hori.

Zamu ya Baba. Akaita kwa sauti, vile anavyoita siku zote, lakini koo lilikuwa limejaa vumbi la njia na ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Ng'ombe wawili wazee wakatazama. Maringo aliendelea kulamba saruji. Kuna mtu alicheka nyuma yetu. Baba akainua mkono kana kwamba anaweka kofia sawa, na kofia ilikuwa sawa.

Tukamtazama Baba Mdogo. Akatikisa kichwa. "Mimi nikiita ndiyo watakimbia kabisa," alisema. Ni kweli, maana yeye kazi yake ni kuswaga kwa makelele.

Nikabaki mimi. Nikasogea mbele, watu wote wananitazama. Na kwa sababu ya watu, nikapiga mluzi mzuri, ule anaoupenda Baba, ule wa kunyooka. Ukatoka vizuri tu. Hakuna hata sikio lililotikisika.

Hapo ndipo nilipokukumbuka, kaka. Nilijiuliza: huyu mwenye maringo, nani alimlea? Si mama yake. Mama yake ndiye aliyekupiga teke ukimkamua, jino likaruka likaangukia kwenye maziwa, na wiki haikuisha kabla na yeye hajafa, akakuachia ndama. Ukamlea kwa ndoo mtoto wa mbaya wako. Alikuwa hanywi mpaka abembelezwe, ukampa jina hilo. Na ulikuwa ukimwita kwa mluzi wako mpya, ule wenye pengo, unaoanza vizuri, unavuja katikati, halafu unamalizikia kama mtu anayeshangaa: fyuu-sss-fyu. Baba alikuwa akisema, "Wewe, unaita ng'ombe au unapoza uji?" Akakukataza kuupiga mbele ya wageni.

Mimi niliujua. Nilikuwa nakufuata nyuma kila mahali na kila ulichofanya nilikiiga. Mtu mwenye meno yote lazima akunje ulimi pembeni, hewa ipate pa kutorokea. Na ulipoondoka sikuuacha. Nilikuwa nikiupiga polepole nikiwa peke yangu na ndama, kwa sababu nilikuwa nimekukumbuka na sikutaka Baba asikie. Wote waliozaliwa miaka hii wamekua wakiusikia.

Basi nikakunja ulimi. Fyuu-sss-fyu.

Watu walicheka! Mmoja akasema huyo binti anazima mshumaa. Lakini mimi nilikuwa namtazama Maringo. Aliacha kulamba. Masikio yakasimama, lile zima na lile lenye mkato. Nikapiga tena, na kicheko kikawa kinapungua, kwa sababu alikuwa amegeuka. Hakukimbia, kaka. Maringo akimbie kwa ajili ya nani? Alikuja kwa mwendo wake, taratibu, nyonga huku na huku, akamsukuma fahali wa Kidevu kando kwa bega, na nyuma yake wakaanza kujitoa: yule mwekundu, yule mwenye madoa, mapacha, mitamba miwili, wote, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo. Akafika kwangu. Akaingiza pua kwapani, pale ulipokuwa ukimfichia chumvi, akapekua. Hakukuwa na chumvi. Akanitazama kwa dharau.

Nililia, nikacheka, nikamkumbatia shingo na matope yake. Baba Mdogo alikaa chini palepale kwenye kinyesi. Kidevu akavua kofia, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Huyo si wangu. Wangu alikuwa hajui kuringa hivyo." Na Mama Foleni, hata kutupongeza hakutupongeza, akagonga mfuniko mara mbili. "Haya, mwenye mluzi mbovu achukue ng'ombe wake! Anayefuata!"

Usiku ule sikumtazama Baba vizuri, niliona haya kwamba amejua siri yangu. Lakini asubuhi, kabla hatujaondoka, alimwendea Kidevu, akamwachia mtamba mmoja mwenye mimba, anywe maziwa na wanawe mpaka kundi lake lisimame. Kidevu ana watoto wadogo na kiongozi wake mpaka leo hajaonekana. Baba alisema babu zetu waligawana zizi, si ajabu wajukuu kugawana ndama. Tukaondoka. Tumefika mbali, tunatazama nyuma, kuna dume jeusi lisilo letu linatufuata! Nalo limependa mluzi wako. Baba Mdogo alilirudisha huku analitukana, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka tangu mvua ile.

Mama alitusikia kabla ya kutuona. Alikuwa amekaa juu ya mizigo aliyoifunga mwenyewe, ametulia kama abiria. Alisimama, akawahesabu kwa macho, akakimbilia yale mafundo. Yalikuwa yamekaza, kayakaza mwenyewe. Akavuta, akauma kwa meno, kisha akachukua kisu akazikata kamba zote. Mama yetu, anayeokota hata uzi! Kabla ya giza nyumba ilikuwa imesimama, na alikuwa anaimba, na ule wimbo kakosea maneno kama kawaida. Dalali alipokuja siku ya soko alikuta mbuzi wake wanakula majani mapya. Tulimpa maziwa, akanywa, akaenda zake na kamba zake mkononi.

Mvua sasa imetulia, inanyesha ya adabu. Bonde lote limechipua. Maringo ameanza kujaa mbavuni, na yule mwekundu amezaa ndama jike ambaye tayari ana kiburi. Kesho kutwa tunahama kwenda nyuma ya kilima, na safari hii mafundo ni yale ya kuvuta mara moja.

Kwa hiyo, kaka, kuhusu chumba. Usituone wakaidi wala wasio na shukrani. Mama aliniagiza niandike kwamba amekibusu kwa mbali. Tuliposikia kina dirisha, sote tulijua umetafuta sana. Mpangishe mtu mwingine, na siku moja nitakuja niketi dirishani, nitazame huo ukuta wa gereji kwa heshima yako. Kiti chenye mto cha mlinzi wampe mzee mwenye shida zaidi.

Na kuhusu jino. Najua kazi ya dukani unaitaka, na mimi nataka uipate, uvae kizibao cheupe, wateja wakuite bwana. Nimemuuliza mchuuzi wa chumvi, ambaye anajua kila kitu hata asichokijua, akasema yapo meno ya kuvua na kuvaa, kama kofia. Basi weka la hivyo! Mchana watabasamie wateja, jioni lilaze kwenye glasi. Ila usikubali wakupigilie la kudumu. Ni mtu aliyekufa ndiye husemwa ameacha pengo lisilozibika. Wewe umeacha lako ukiwa hai, mbele kabisa ya mdomo, na limeturudishia zizi zima.

Mama anakusalimu sana, na maji ya moto usisahau. Baba Mdogo anakusalimu, anasema wewe ni mchungaji bora kuliko yeye hata ukiwa umelala mjini. Yule mchuuzi wa chumvi anakusalimu ingawa hakujui. Nisalimie fundi cherehani, na huyo msimamizi wako umwambie asante kwa kukuona.

Nilikuwa nimeshaandika salamu hizo na nataka kufunga barua, nikasikia kitu cha ajabu huko zizini. Nikatoka. Baba alikuwa amesimama katikati ya ndama, mvua inamnyeshea, ameshika goti, anajaribu kuupiga mluzi wako. Baba, na meno yake yote! Anapuliza, anatema mate, ndama wanamtazama. Nilishindwa kujizuia, nikacheka. Hakunifokea. Aliniambia nimwoneshe. Nikamwonesha namna ya kukunja ulimi, akajaribu, akajaribu tena, haukutoka kitu ila upepo. Akafuta midomo kwa kiganja, akamtazama Maringo.

Kisha akasema, "Unamwandikia kaka yako?" Nikasema ndiyo. "Mwambie nilisema litazibika." Nikangoja. Nilidhani amemaliza, kwa sababu aligeuka kwenda. Akafika mlangoni mwa zizi, akasimama bila kunitazama.

"Mwambie halijazibika."

Nimeandika kama alivyosema, kaka, sikuongeza hata nukta. Malisho ya nyuma ya kilima yatatuweka mpaka mwezi wa saba, na anayekuja kutoka barabarani akipiga mluzi tutamsikia.

Mungu akulinde, akulindie kifua, na akulindie hilo pengo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa meno yangu yote,

Chiriku